Salamu Isiyotamkwa

Mimi subira sina, na sijawahi kuificha. Ndugu zangu kule Mbulumbulu husema nilizaliwa mkunga akiwa bado anapiga hodi. Kazi nayo imenizidishia. Ukiendesha watalii unafukuzana na saa tangu alfajiri: foleni ya getini Ngorongoro, foleni ya kushuka kreta, redio inapiga kelele kwamba faru ameonekana, na nyuma yako wamekaa watu waliotoka ng'ambo wanaomtaka faru huyo sasa hivi, siyo kesho. Basi nimekuwa mtu wa saa. Mtu akianza kunieleza jambo kwa kuzunguka, namkatiza: "Wewe, fika."

Ule mwezi wa kumi na moja watalii walikuwa wamepungua, magari ya Kruza yamejipanga uani Karatu yakilowa mvua za vuli, na sisi madereva tunashinda kwenye kahawa tukisengenyana. Ndipo nikaitwa niwapeleke walimu wawili Malambo. Nikasema sawa, nani anakataa safari mwezi kama ule. Nilipowaona nikajua nimepatikana.

Mmoja alikuwa mzee wa Kimaasai, mzaliwa wa upande wa Loliondo, mrefu, mwenye kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, na aliyekuwa akiongea kana kwamba kila neno analipima kwanza kwenye mizani. Tulimwita Mwalimu tu. Amefundisha watoto viziwi miaka yote ya ualimu wake, kwenye shule moja ya bweni upande wetu wa Karatu. Mwenzake alikuwa binti wa Kiiraqw, Mmbulu kama mimi, mwembamba, mcheshi wa macho, naye ni kiziwi tangu utotoni. Watoto shuleni humwita Madamu, na mimi nikafuata. Alikaa mbele, pembeni yangu, kwa sababu nyuma asingeona watu wakiongea. Mimi nikaanza kumwongelesha huku nimekaza macho barabarani, ilivyo desturi ya dereva. Akanigonga begani, akanionyesha midomo yangu, kisha macho yake. Nikaelewa. Baada ya hapo kila nikitaka kusema naye ilibidi nipunguze mwendo nimgeukie, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu.

Mwalimu akacheka kutoka nyuma. "Nyie Wambulu bwana. Hata maneno mnayalima kwa trekta."

"Na nyie mlikuwa mkija kutuibia ng'ombe bila hata salamu," nikamjibu. Utani huo kwetu ni wa tangu mababu, hauna kesi.

Safari ilikuwa na shabaha moja, na Mwalimu alinieleza kabla hatujafika getini. Mwalimu mmoja wa Malambo alikuwa amemwona mtoto wa kike siku ya mnada, wa miaka tisa hivi, anavuka njia na mbuzi wake. Pikipiki ikaja nyuma yake ikipiga honi, watu wakapiga kelele, mtoto hata hakugeuka. Pikipiki ikamkwepa ikaangukia kwenye marobota ya mitumba. Watu walimtukana yule mtoto, wakasema ana kiburi. Yule mwalimu hakuamini kwamba ni kiburi, akapiga simu.

"Darasani imebaki nafasi moja ya Januari," Mwalimu akasema. "Akiikosa, mwaka utakaofuata watasema amekuwa mkubwa mno kuanza. Na kama kweli hasikii, huyo mtoto hana lugha yoyote. Si Kimaasai, si Kiswahili, si ya alama. Kila mwaka unaopita mlango unazidi kujifunga."

Nikauliza hana lugha kivipi. Ina maana hawezi kusema ana njaa?

"Njaa ataonyesha. Lakini hawezi kuuliza kwa nini. Hawezi kukwambia jana aliota nini. Pengine hajui kwamba watu wana majina."

Nikapunguza mwendo bila kuombwa, jambo ambalo si kawaida yangu.

Tulipita msituni, ukungu wa ukingoni ukiwa mzito mpaka nikawasha taa, tukashuka upande wa pili kwenye jua, tukaiacha barabara ya Serengeti, tukakata kulia. Kutoka hapo ni mchanga, mawe na makorongo, na punda milia wanaokutazama kama umepotea njia. Malambo tulifika mchana, tukaacha mizigo gesti, tukaendelea mpaka bomani kwa yule mtoto, mwendo wa kutosha kukuchosha kiuno.

Mimi nilidhani tutashuka, tuseme tulichofuata, tumpime mtoto, tugeuze. Wapi! Mwalimu alikaribishwa na baba wa boma, mzee mwenye shuka nyekundu na redio ndogo begani, wakaketi kwenye vigoda, na habari zikaanza. Kwao mgeni hasemi shida yake kabla hajatoa habari. Anaeleza ametoka wapi, amelala wapi, mvua imenyesha wapi, majani yako vipi, ng'ombe wa fulani wamepona au bado. Mwenyeji anasikiliza akiguna, "Ee. Ee." Akimaliza mgeni, mwenyeji naye anaanza upya, mvua, majani, ng'ombe, homa ya mbuzi. Kimaasai nakijua cha kubahatisha, cha kuuliza simba wako wapi, lakini mvua niliisikia ikinyesha mle mara nyingi. Nikatoka nikazunguka gari. Nikakagua tairi. Nikarudi, bado wako kwenye majani.

Madamu alikuwa amekaa chini na akina mama, ametulia tuli, macho yanatembea. Hasikii chochote, na mimi mwenye masikio mazima ndiye niliyekuwa nahangaika. Akanitazama, akanifanyia kwa mikono mtu anayeshika usukani huku mdomo unafunguka na kufungika, unafunguka na kufungika. Nikajua hilo ndilo jina la alama nililopewa. Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Hatimaye watoto wakaja kusalimia. Kwa Wamaasai mtoto hampi mkubwa mkono. Anakuja mbele yake, anainamisha kichwa, mkubwa anamwekea kiganja utosini na kumsalimu, mtoto anaitikia, anaondoka. Msichana husalimiwa "Takwenya," naye hujibu "Iko." Basi wakaja mmojammoja kwa Mwalimu, vichwa vimenyolewa vinang'aa, na yule tuliyemfuata akiwemo. Nilimjua kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtazama. Mtoto mzuri, miguu mirefu, ana kovu jembamba kwenye shavu. Akainama. Mwalimu akaweka mkono. "Takwenya."

"Iko," akajibu. Sauti ilikuwa nzito kidogo, lakini jibu lilikuwa jibu.

Mama yake, aliyekuwa amesimama kando na mtungi wa plastiki mgongoni, akasema kwa Kiswahili ili hata mimi nisikie: "Umeona? Anaitikia. Kiziwi anaitikiaje? Huyu si kiziwi, ni mkaidi tu. Mtu mmoja alipita hapa mwaka jana, akapiga makofi nyuma yake, mtoto akageuka. Yule mtu akasema masikio mazima."

Baba naye akasema lake, Mwalimu akanitafsiria baadaye. Alisema kama mtoto ni kiziwi, basi wamchukue, maana asiyemsikia fisi si wa kutumwa porini. Lakini kama anasikia, hatoi binti mzima aende kukaa na viziwi wa watu. Nani atachunga mbuzi?

Mimi moyoni nikasema haya, kazi imeisha, mtoto anasikia. Nikatafuta ufunguo mfukoni.

Wakati huohuo mama akamwita yule mtoto akafunge vitoto vya mbuzi. Mtoto alikuwa amegeuka anatazama gari, ametia kidole kwenye matundu ya nati za gurudumu. Mama akaita tena. Akaita kwa nguvu. Kisha, bila hasira hasa, kama mtu anayefanya jambo alilozoea kila siku, akaokota fimbo akamchapa mguuni. Mtoto akaruka, akatazama uso wa mama, akafuata kidole chake, akakimbilia mbuzi.

"Mpaka fimbo," mama akasema, akishusha pumzi. "Alikuwa mtoto mzuri, ameanza kusema. Akaugua homa kali, shingo ikakauka, nikajua nimempoteza. Akapona. Alipopona akaamka na ukaidi huu. Nimemchapa mpaka mikono yangu imechoka."

Mimi nimekulia kwenye fimbo, siwezi kusema iliniogopesha. Lakini nilimtazama Mwalimu na nikaona uso wake umebadilika. Akaaga vizuri, kwa utaratibu wote, akaomba ruhusa ya kurudi kesho. Nikaghadhibika. Garini nikamuuliza kesho ya nini, si ameitikia? Si tumesikia sote?

"Tumesikia," akasema.

"Sasa?"

"Sasa tunarudi kesho."

Ala! Nilimwambia kwamba kwenye kazi yangu mnyama asipoonekana unageuza gari, huombi ruhusa ya kurudi. Akasema ndiyo maana watalii wanaondoka Ngorongoro wameona wanyama wote na hawajamjua hata mmoja. Hilo lilinichoma, kwa sababu mimi ndiye ninayewaondoa.

Tulikula gesti, wali na maharage na mbuzi wa kuchoma aliyekuwa mgumu kama kandambili. Madamu hakula sana. Alikuwa akimweleza Mwalimu jambo kwa mikono, haraka haraka, na Mwalimu akiuliza, na yeye akirudia. Nikawaambia jamani nami nipo hapa, mezani mimi ndiye bubu leo. Ndipo Mwalimu akanitafsiria.

Madamu naye alipoteza masikio kwa ugonjwa, akiwa mdogo, kwao milimani. Kwao ni Wakatoliki kama sisi. Kila mkubwa akimpa mkono alikuwa anasema "Tumsifu Yesu Kristo," na yeye, kabla hajaugua, alikuwa amefundishwa kujibu "Milele amina." Alipoacha kusikia, mkono ulibaki. Mtu akimpa mkono, yeye anatoa jibu. Katekista, shangazi, majirani, wote wakawa wanasema huyu mtoto anasikia akipenda. Akaendelea kuwajibu milele amina, na hajui tena maneno yenyewe yana maana gani, anajua tu kwamba mkono ukija inabidi utoe ile sauti, ukiitoa wanafurahi, usipoitoa unapata kofi. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka padre mmoja siku moja akampa mkono huku anakohoa, hakusema kitu, na mtoto akamjibu.

"Anasema mtoto huyu hakuisikia salamu," Mwalimu akamalizia. "Aliusikia mkono."

Nilitaka turudi bomani palepale, wakasema hapana, kesho. Na safari hii sikubisha.

Asubuhi habari zilikuwa zilezile, mvua na majani, na mimi nikakaa nikasikiliza mpaka mwisho, sikugusa tairi. Hata niliguna "ee" mahali ambapo nilidhani panafaa, na mzee wa boma akanitazama kwa mshangao. Baadaye Mwalimu akamwambia mzee kwamba leo angependa kuwasalimu watoto kwa namna nyingine, naye mzee asimame karibu atazame midomo yake. Mzee akakubali. Yule mtoto hakuwepo, alikuwa ameenda na punda majini.

Wakaja wengine kwanza. Mtoto akainama, Mwalimu akaweka kiganja utosini, akafunga mdomo. Kimya. Mtoto akasubiri. Akasubiri. Kisha akainua jicho moja kutoka chini, kama kuku anayechungulia mwewe, kuona huyu babu ana nini leo. Watu wakacheka. Wa pili akafanya vilevile. Mwingine, mdogo kabisa, akasema kwa Kimaasai, "Mbona husemi?" Tukacheka zaidi, na mama wa yule mtoto akicheka pamoja nasi, mkono mdomoni.

Punda wakaingia, na nyuma yao yule binti. Alituona, akaacha punda, akaja moja kwa moja kwa Mwalimu kama mtoto mwenye adabu. Akainama. Mwalimu akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Hakusema neno. Hata pumzi nadhani aliizuia.

"Iko," mtoto akajibu.

Hakuna aliyecheka. Wale watoto wengine walimtazama, kisha wakatazamana. Mwalimu akaondoa mkono. Mtoto akatabasamu, akijua amefanya vizuri, akageuka aende. Mwalimu akamgusa bega, mtoto akarudi, akainama tena. Kiganja. Kimya.

"Iko."

Mzee wa boma akasogea yeye mwenyewe. Akaweka mkono wake wenye pete ya shaba kwenye kichwa cha bintiye, na midomo yake akaibana mpaka ikapauka. Mtoto akamjibu. Yule mzee akauacha mkono palepale kwa muda, hakuutoa. Kisha akasema neno moja kwa mkewe, na mkewe akaja.

Alikuja polepole. Alikuwa ameanza kutikisa kichwa kabla hajafika. Akaweka mkono. Nilimwona uso, nilikuwa karibu kuliko wote. Midomo yake ilitaka kusema, alijizuia kwa nguvu, na mtoto wake akamjibu salamu ambayo hakuitoa. Akamjibu kwa furaha, maana huyo ni mama yake.

Mama akaketi chini, palepale kwenye mavi ya mbuzi, na shanga zake zote zikalia.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza, na mimi siku zote nilidhani anayekaa gizani ni yule asiyejua. Siku ile nilimwona aliyekuwa gizani na aliyekuwa anampiga humo gizani, na wote wawili hawakuwa na kosa. Nilikasirika na sikujua nimkasirikie nani. Yule mtu wa makofi? Naye alifanya alivyojua, hakujua kwamba kiziwi huhisi upepo wa makofi mgongoni. Hata mimi, ningekuwa na uwezo jana, ningegeuza gari.

Mama aliingia ndani ya nyumba akakaa. Tuliongea na mzee. Akasema yeye alishasema, na neno lake halirudi: kama ni kiziwi wamchukue. "Lakini sitamtoa mtoto mama yake akiwa analia. Akikataa, nami nimekataa." Basi nafasi ya Januari ikawa iko ndani ya ile nyumba ya udongo, na sisi nje. Mimi nilitaka niingie nimwambie yeyo, kama wanavyomwita mama kwao, muda unakwenda. Mwalimu akanishika mkono. Tukangoja. Jua likapanda, ng'ombe wakaenda zao, na sisi tunangoja.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. Hakumtazama Mwalimu, alimfuata Madamu, akasimama mbele yake, akauliza kwa Kimaasai huku anamtazama machoni. Mwalimu akawa anayageuza maneno kuwa alama na alama kuwa maneno, na pembeni ananong'ona Kiswahili kwa ajili yangu.

"Wewe, mama yako alikupiga?"

Madamu hakuharakisha. "Alinipiga."

"Sana?"

"Sana. Alidhani nimemdharau."

"Alipojua, alifanyaje?"

"Alikuja shuleni akajifunza alama chache. Ya kwanza aliyoniambia ilikuwa nisamehe."

Mama akanyoosha mkono wake. "Inafanywaje?"

Madamu akaweka mkono kifuani, akaonyesha polepole. Mama akaiga. Vidole vyake havikuzoea, Madamu akavishika akavinyoosha, akafanya tena, akafanya tena, mpaka ikakaa sawa. Kisha akaenda kwa mtoto wake, ambaye alikuwa amerudi kwenye gurudumu la gari langu, akamgeuza kwa mabega yote mawili, na akaifanya ile alama mbele ya uso wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliifanya mara ya kwanza, akaifanya ya pili, machozi yanamwagika kwenye shanga.

Mtoto alimtazama. Alitazama mkono, akatazama machozi, akaangalia fimbo iko wapi. Hakuelewa kitu.

Mama akamgeukia Mwalimu kwa ukali, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Mbona hanijibu?"

"Hajui, yeyo," Mwalimu akasema. "Kwake huo ni mkono tu. Hajui kwamba mkono una neno ndani yake. Tutaanza kumfundisha maji. Mbuzi. Mama. Halafu jina lake. Kusamehe kuko mbali, kunataka ajue kwanza jana na leo, kosa na bahati mbaya."

"Akikaa hapa atajua lini?"

Mwalimu angeweza kumlainishia. Mimi ningemlainishia. Yeye akasema, "Akikaa hapa, hatajua."

Mama alisimama pale, mkono bado kifuani. Nilisikia kengele za mbuzi na redio ya mzee ikikoroma begani. Kisha akasema Kiswahili, kwa sababu nadhani alitaka sote tusikie, "Mchukueni. Nitawezaje kumwambia? Mchukueni ajue, anirudie."

Mzee wa boma akaguna, "Ee." Ndiyo hivyo, neno likawa limepita.

Njiani kurudi Karatu sikumkatiza mtu mpaka ukingo wa kreta. Mwalimu akaniuliza kama ninaumwa.

Januari watalii wamejaa, na dereva akiomba siku wakati huo anaonekana kichaa. Nikaiomba. Nikasema nina msiba, Mungu anisamehe. Mwalimu alikuwa ameenda kumfuata mtoto mwingine upande wa Digodigo, kwa hiyo tulikwenda wawili, mimi na Madamu. Nilikuwa nimeshajifunza alama kadhaa, nyingi za wanyama, kwa hiyo tuliongea habari za tembo na fisi kutwa nzima kama wajinga.

Mtoto alikuwa amevaa sketi ya shule iliyomzidi, na viatu vyeupe vya mnadani alivyovitazama kila hatua. Baba alimwekea mkono kichwani, na mtoto akaitikia, na safari hii hakuna aliyesema chochote. Dada zake wakamkumbatia. Alidhani, nafikiri, kwamba anapelekwa matembezi. Hakuna aliyekuwa na namna ya kumwambia anakwenda wapi, atarudi lini, kwamba hatupwi. Madamu alimchorea kwenye mchanga gari, nyumba yenye watoto wengi, kisha gari linarudi bomani. Mtoto akaukanyaga ule mchoro kwa viatu vyake vipya akacheka.

Nikampandisha nyuma, dirishani, nikamfunga mkanda. Mama alikuja karibu. Hakulia. Alisimama mbali kidogo na kioo ili aonekane vizuri, akaweka mkono kifuani, akaifanya alama ile. Ilikuwa imenyooka kabisa, hakuna kidole kilichopinda. Alikuwa ameifanyia mazoezi, bila shaka, tangu Novemba.

Mtoto akaiona. Na kwa kuwa watu wote siku ile walikuwa wakipunga mikono, na huyu mama anapunga kwa namna yake, akadhani ndivyo wanavyoagana. Akaweka mkono wake mdogo kifuani, akamrudishia. Sawasawa, bila kukosea. Nisamehe. Mama akaziba mdomo kwa shuka. Mtoto akaona kwamba amepatia, akaifanya tena, na tena, anacheka, gari limeshaondoka na yeye amejipinda dirishani anamwomba mama yake msamaha, na kule nyuma mama amepiga magoti njiani.

Nilishindwa. Nikapiga kelele, "Wee mtoto, acha! Acha, si wewe wa kuomba!" Nikapiga tena, kwa nguvu zangu zote, machozi yananizuia kuona njia. Yeye akaendelea. Madamu alikuwa ametazama mbele. Ndani ya gari lile, mwenye masikio nilikuwa mimi peke yangu.